Dawa ya mababu nayo iandikiwe mikwaruzo yake

Kazi yangu ni kusoma karatasi. Kila wiki nakwenda kwenye mnada wa magari yaliyotumika hapa mkoani Aichi, nchini Japani, na kabla sijagusa kitasa cha gari lolote, nasoma kwanza karatasi yake. Walioagiza gari kutoka huku wakiwa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala wanaifahamu. Ina mchoro wa gari lililotandazwa kama ngozi iliyowambwa juani, na juu ya mchoro huo mkaguzi ameandika herufi zake: A1 ni mkwaruzo mdogo, U2 ni mbonyeo, W ni bati lililonyooshwa na kupakwa rangi upya, XX ni kipande kilichokwisha kubadilishwa. Pembeni kuna alama ya jumla: 5, 4.5, 4, 3.5, kushuka hadi R, yaani gari lililowahi kugongwa likatengenezwa.

Kwa miaka 19 nimelisha watoto kwa karatasi hizo. Gari lenye R iliyoandikwa waziwazi nalinunua bila wasiwasi, kwa bei ya R. Gari lisilo na karatasi silinunui, hata likiwa linang'aa kiasi cha kujitazamia sura.

Nimeanza na magari, lakini leo nataka kuzungumzia vidonda vya mdomoni.

Mwaka juzi madaktari walinikata kipande cha utumbo mpana. Saratani ilikuwa imeshagusa tezi, kwa hiyo baada ya upasuaji nikapangiwa dripu 12 za tibakemikali, moja kila baada ya wiki mbili. Walinipachika kidude chini ya ngozi ya kifua. Siku ya dripu nakaa kitini asubuhi, mchana narudi nyumbani na kichupa cha plastiki kiunoni kinachonipa dawa ya fluorouracil tone kwa tone kwa saa 46. Nilikuwa nikilala nacho kama mtoto mchanga, naogopa kumgeukia.

Pamoja na hiyo nilipewa oxaliplatin, dawa yenye ugomvi na baridi. Januari niligusa mlango wa gari aina ya Noah uwanjani, nikaruka kama niliyepigwa shoti ya umeme. Maji ya friji yalinichoma koo. Nikaanza kuvaa glavu kufungulia jokofu, mke wangu akicheka kwa huruma.

Vidonda vilikuja baada ya dripu ya tatu. Kwanza ulimi ulikuwa kama umeungua kwa chai, kisha yakatoka mabaka meupe ndani ya mashavu na chini ya ulimi. Mfamasia alinieleza kwa lugha nyepesi: ngozi laini ya ndani ya mdomo hujifanya upya kila baada ya wiki moja au mbili, na dawa hizi huwinda seli zozote zinazozaliana haraka. Seli za saratani zinazaliana haraka, za mdomo nazo vilevile. Risasi haiulizi jina. Ndiyo maana maumivu hayaji siku ya dripu. Huja siku kadhaa baadaye, wakati seli za zamani zimekwisha chakaa na za kushika zamu hazipo.

Asiyewahi kuumwa hivi hudhani ni kama kile kidonda cha kujing'ata shavu. Mate yangu mwenyewe yalikuwa yananichoma. Wali ulikuwa kama kokoto, ndimu na pilipili sikuthubutu hata kuziangalia. Na biashara yangu ni ya kusema bei kwenye simu. Jaribu kumwambia mteja wa Kariakoo "thelathini" wakati kila "th" inaupeleka ulimi kwenye meno. Nikawa natafuta bei zisizo na thelathini. Mteja mmoja alidhani namficha kitu.

Watu huliona hili kuwa jambo dogo kando ya saratani. Si dogo. Asiyekula hupungua, anayepungua hupunguziwa dozi au kuahirishiwa dripu, na kidonda kilicho wazi ni mlango wa vijidudu wakati kinga ya mwili imelala. Mgonjwa wa tibakemikali mwenye vidonda mdomoni akipata homa ya nyuzi 38 asisubiri kukuche. Hiyo ni safari ya hospitali usiku huohuo.

Mama yangu, aliyeko Tanga, alisikia sauti tu akajua. "Mwanangu, mdomo wako una nini?" Nikamwambia. Akasema nichemshe majani ya mpera nisukutue, kisha nipake asali. Shangazi hakuishia kwenye ushauri. Alimpa msafiri chupa ya dawa kutoka kwa mganga anayemwamini, maji ya kahawia mazito, na ujumbe wa sauti: inatibu vidonda, kisukari, presha na nguvu za kiume. Msafiri akaifikisha, dhamana ya watu. Chupa ikakaa juu ya meza yangu haina hata jina la mti mmoja.

Niliipeleka chupa ile kwa mfamasia wa hospitali ninayotibiwa. Ni binti mdogo, wa umri wa mwanangu, mwenye adabu ya Kijapani ya kuinama kabla ya kukukatalia. Aliuliza kuna nini ndani. Sikujua. Akaniomba kwa upole nisiinywe mpaka dripu zimalizike, kwa sababu hakuna awezaye kusema itagombana vipi na dawa zilizomo mwilini. Nikajisemea: haya, Wajapani na vidonge vyao, majani hawayataki.

Kumbe ndipo akaniandalia majani. Daktari alikuwa ameandika pakiti ndogo za unga wa chengachenga rangi ya kahawia, kila moja gramu 2.5, zenye namba kubwa 14. Jina lake hangeshashinto, dawa ya Kampo, tiba asilia ya Kijapani. Aliniambia nikoroge pakiti moja kwenye maji kiasi cha mililita 50, nisukutue taratibu baada ya kula, mara tatu kwa siku, niteme, kisha nisile wala kunywa kwa nusu saa. Nikanusa: tangawizi, na nyuma yake harufu ya ganda la mti lililolowa. Nikaonja: chungu kama shubiri, halafu utamu unafuata kwa mbali, kama mtu anayekuja kuomba radhi.

Nikamuuliza kama ninavyomuuliza muuza gari: "Je, hii inazuia vidonda?"

Akajibu, "Haijathibitika kuwa inavizuia. Inaweza kukupunguzia siku za kuumwa."

Nilimwangalia. Katika maisha yangu hakuna mtu aliyewahi kunikabidhi dawa ya miti shamba na kasoro yake kwa mkono mmoja. Jioni ile nilimwomba binti yangu, anayesomea uuguzi, tutafute karatasi ya dawa ile kama ninavyotafuta karatasi ya gari. Tukaipata.

Mwaka 2010 daktari Toru Kono na wenzake walichapisha majaribio madogo. Wagonjwa 14 wa saratani ya utumbo mpana, wenye vidonda vya mdomoni vilivyotokana na dripu za aina yangu, walisukutua kwa hangeshashinto. Baada ya wiki moja, 13 kati ya 14 walikuwa wamepata nafuu.

Simama hapo, msomaji. Kwetu, habari ingeishia hapa. Kumi na watatu kati ya kumi na wanne! Kesho yake bango lingepandishwa kituo cha daladala, kesho kutwa redio ingeita, na wiki ijayo chupa ingekuwa na dawa ya vidonda, kisukari, presha na kadhalika. Lakini vidonda hivi hupona vyenyewe pia, seli mpya zikishika zamu. Katika wale 13, wangapi wangepona hata kwa maji matupu? Swali hilo hujibiwa kwa kuwapa wengine kitu kisicho dawa na kulinganisha.

Wakalinganisha. Mwaka 2015 Chu Matsuda na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti mkubwa zaidi. Wagonjwa 93 wa saratani ya utumbo mpana, waliokwisha kutokwa na vidonda katika dripu iliyotangulia, waligawanywa kwa kura. Wengine walipewa hangeshashinto, wengine unga usio na dawa, na wala mgonjwa wala daktari hakujua nani ana kipi. Waliohesabiwa mwishoni ni 90: upande wa dawa 43, upande wa unga mtupu 47.

Swali la kwanza walilojiwekea lilikuwa hili: je, dawa itapunguza idadi ya watakaopata vidonda vya wastani au vikali, yaani vya ngazi ya pili na kuendelea? Upande wa dawa walipata asilimia 48.8. Upande wa unga mtupu asilimia 57.4. Tofauti hiyo ni ndogo mno kwa watu wachache vile. Inaweza kuwa bahati tu. Kwa hiyo kwa swali lao kuu, dawa ya mababu ilishindwa, na wakaandika kwamba imeshindwa. Swali la pili: vidonda hivyo vinakaa siku ngapi? Kwa unga mtupu, siku 10.5. Kwa hangeshashinto, siku 5.5. Tofauti hii ilikuwa kubwa kiasi cha kutosingiziwa bahati.

Ndiyo maana yule binti alijibu vile. Alikuwa anasoma karatasi: hapa kuna mkwaruzo, hapa pamebonyea, injini inawaka.

Sasa tuifungue pakiti yenyewe. Ndani yake mna vitu saba, na sikutegemea kukutana humo na ndugu wa kwetu. Hange ni kiazi kidogo cha mmea wa ukoo wa magimbi. Aliyewahi kula gimbi lisiloiva anajua linavyowasha koo. Hange mbichi nayo huwasha vivyo hivyo, na ni ajabu kwamba kiazi kinachowasha mdomo ndicho kilichoipa jina dawa ya kuupoza. Kuna tangawizi iliyokaushwa. Kuna jinsengi. Kuna urukususu, ule mzizi mtamu. Kuna tende za Kichina, ambazo ni tunda la mti wa jamii ya mkunazi wetu, ule ambao majani yake tunawaoshea maiti. Na kuna mizizi miwili ya njano iitwayo ogon na oren. Huo wa pili ndio wenye ule uchungu wa shubiri.

Jina lenyewe lilinifurahisha kuliko vyote. "Shashin" maana yake ni kusafisha moyo, na "to" ni mchemsho. Moyo unaosemwa si huu unaodunda. Ni pale tunapopaita chembe cha moyo, juu ya tumbo. Sisi Waswahili mtu akitaka kutapika tunasema moyo umemchafuka. Basi Wachina wa zamani walikuwa na mchemsho wa kuusafisha moyo uliochafuka, na tabibu Zhang Zhongjing aliuandika karibu miaka 1,800 iliyopita kwa ajili ya kichefuchefu, tumbo kuunguruma na kuhara. Wajapani waliupokea, wakaukuza kwa namna yao, na leo katika orodha ya matumizi yake yaliyoidhinishwa huko vidonda vya mdomoni vimo pamoja na kiungulia na uchovu wa pombe ya jana.

Maabara nazo zimeeleza kiasi jinsi unavyofanya kazi. Viambato vya tangawizi na vya ile mizizi ya njano hupunguza utengenezaji wa prostaglandini, kemikali inayochochea uvimbe na maumivu. Mwaka 2017 watafiti wa Kijapani walionyesha katika panya kwamba viambato vya tangawizi huziba njia ambazo neva hupitishia maumivu, na jinsengi husaidia kuviingiza ndani ya kidonda. Yaani tangawizi inafanya kazi ya ganzi, na jinsengi inaifungulia mlango. Bibi yangu alikuwa akitutafunisha tangawizi koo likiwasha. Hakuwa na panya wala maabara, lakini hakuwa mjinga.

Hapo ndipo wenzangu wengi husema: unaona? Wazee walijua, karatasi za nini?

Nawajibu kwa historia ya hukohuko Japani. Mwaka 1804, katika jimbo la Kii, tabibu Hanaoka Seishu alimpasua mama wa miaka 60 saratani ya titi akiwa amemlaza usingizi kwa mchemsho wa mitishamba, zaidi ya miaka 40 kabla ya daktari wa Boston kuonyesha etha hadharani. Mchemsho ule ulikuwa na sumu ndani yake, na habari zinasimulia kwamba mke wa Hanaoka, aliyejitolea kuujaribu, alipofuka. Hanaoka alijua bei ya kutafuta kipimo.

Pamoja na urithi huo, serikali ya Japani ya enzi ya Meiji iliamua kwamba anayetaka leseni ya udaktari asomee tiba ya Ulaya, na mwaka 1895 bunge likakataa ombi la matabibu wa Kampo la kutaka leseni yao. Kampo ilikaribia kufa. Iliporudi haikurudi kwa kulalamika kwamba imeonewa. Ilirudi kupitia madaktari walewale wenye leseni ya kawaida, kwa viwanda vinavyotoa kila pakiti kwa kipimo kimoja, na kwa bima ya afya iliyoanza kulipia dawa nne mwaka 1967, ikapanua orodha mwaka 1976, na leo inalipia dawa 148. Japani haina daktari wa Kampo asiye daktari. Aliyenipasua utumbo ndiye aliyeniandikia mchemsho.

Na hata hivyo karatasi iliendelea kuandikwa, pamoja na mabaya yake. Dawa nyingine maarufu ya Kampo, shosaikoto, ilikuwa ikitumiwa na Wajapani wengi wenye homa ya ini. Mwaka 1996 serikali ilitoa tahadhari ya dharura: miongoni mwa waliokuwa wakiitumia, baadhi walipata ugonjwa wa mapafu, na 10 walikufa. Mizizi tu, majani tu, vitu vya asili. Ogon imo katika shosaikoto na imo pia katika pakiti yangu namba 14, kwa hiyo karatasi yangu ilisema: ukipata kikohozi kikavu au pumzi kukata, acha na uje. Urukususu nao ukizidi hupandisha presha na kushusha potasiamu mwilini. Mimi nina presha. Kila nilipokwenda walinipima damu, ingawa nilikuwa natema.

Basi ilinisaidia? Nitajibu kama mkaguzi wa mnada. Katika daftari langu, baada ya dripu ya tatu vidonda vilikaa siku 11. Baada ya dripu ya nne, nikisukutua, vilikaa siku sita. Siku ya saba nilimpigia simu yule mteja wa Kariakoo nikamtamkia thelathini tatu mfululizo. Lakini kuanzia dripu ya nne daktari alikuwa pia amenipunguzia dozi kidogo, mswaki nilibadilisha nikanunua laini kabisa, na nilikuwa nasukutua maji ya chumvi vuguvugu kati ya mlo na mlo. Kipi kilifanya kazi? Sijui, na anayesema anajua ananiuzia kitu. Mimi ni gari moja. Gari moja halitoi bei ya soko.

Binti yangu alinionyesha pia kwamba mama hakukosea sana kuhusu asali. Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2020 inaitaja asali kama kinga kwa wagonjwa wa saratani ya kichwa na shingo wanaopigwa mionzi. Miongozo hiyohiyo inapendekeza jambo rahisi ajabu: anayepigwa sindano ya mkupuo ya fluorouracil akae na vipande vya barafu mdomoni kwa dakika 30, baridi ibane mishipa na dawa ifike kidogo. Gharama yake ni trei ya barafu. Ila mimi nilikuwa na oxaliplatin, barafu ni adui yangu, kwa hiyo haikunihusu. Ndivyo karatasi ilivyo: haisemi tu kwamba kitu ni kizuri, inasema ni kizuri kwa nani.

Sasa nirudi nyumbani, kwa sababu naandikia gazeti la nyumbani.

Hatuna upungufu wa miti. Hatuna upungufu wa taasisi wala sheria. Muhimbili palianzishwa kitengo cha utafiti wa dawa za asili mwaka 1974, na kimekua kuwa taasisi. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na Baraza lake. Ninachokiona haba ni moyo wa kukubali kuandikiwa mikwaruzo. Mwaka 2011 maelfu walipanga foleni Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha dawa ya mitishamba cha shilingi 500. Ukimuuliza leo aliyekwenda kama kile kikombe kilitibu, atakutajia jirani yake aliyepona au shemeji yake aliyekufa. Kila mtu ana gari lake moja. Tulikuwa na watu wengi kuliko utafiti wowote wa Japani, na tukabaki na hadithi.

Kuna wanaodhani kupima dawa ya mababu ni kuidharau. Mimi naona kinyume chake. Kitu usichokiheshimu ndicho unachokiacha bila kukikagua, kama chuma chakavu kinachouzwa kwa kilo. Gari la maana ndilo linalopandishwa jeki, linamulikwa tochi chini, linaandikwa. Na mpaka uliopo si kati ya mti na kidonge. Vinkristini, dawa ya dripu inayotumika duniani kote dhidi ya saratani za damu, ilitolewa katika mmea wa Madagaska wenye maua ya waridi, ule tunaoupanda kwa urembo barazani pwani nzima. Mpaka ni kati ya kilichopimwa na ambacho hakijapimwa.

Kuna hoja ninayoikubali: utafiti ni ghali, na mwenye dawa anaogopa kuibiwa. Ni kweli. Lakini hatua ya kwanza haihitaji mabilioni. Inahitaji daftari. Mganga aandike mti gani, kiasi gani, amempa nani, na baada ya wiki mbili amuulize mgonjwa: umepona, hujapona, umedhurika? Awaandike wote, hasa wa mwisho. Daftari hilo ndilo litakalompa mtafiti pa kuanzia. Na mkaguzi asiwe muuzaji. Hangeshashinto niliyopewa inatengenezwa na Tsumura, kampuni iliyoanza mwaka 1893, na bila shaka inapenda kuuza. Ndiyo sababu kura na unga mtupu vina kazi: vinamzuia mwenye mali kujipa alama mwenyewe.

Ukiniuliza nami alama yangu, naipa hangeshashinto 3.5. Haijathibitika kuwa inazuia vidonda, walioshiriki kwenye utafiti ule ni wachache, na mwenye presha aitumie akiangaliwa. Ila inaonekana kufupisha siku za mateso, na mtu ambaye mate yake yanamchoma haulizi zaidi ya hapo.

Kwa mgonjwa mwenzangu aliyeko kwenye dripu leo, popote ulipo, nina maneno matatu. Vidonda vya mdomoni vitaje siku ileile, usingoje kuulizwa. Chupa ya shangazi usiifiche. Iweke mezani kwa daktari hata kama utaona haya. Na atakayekuambia dawa yake inatibu kila kitu na haijawahi kumshinda mtu, mshukuru, kisha muombe karatasi. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nauza magari. Naongeza kwamba hata chema hukaguliwa kabla ya kulipiwa.

Chupa ya shangazi ninayo bado. Dripu zangu 12 zimekwisha. Nimempigia simu nikamwomba amuulize mganga wake majina ya miti iliyomo, na mpaka leo nasubiri jibu.